Hill na Adamson, Nadar au Cameron: nani wa kumfuata kwanza katika picha za sura

Mtu anayejifunza kupiga picha za sura hufika mahali ambapo maelekezo ya kamera hayamsaidii tena. Anajua kuweka mwanga wa kutosha, anajua kupata fokasi, na bado picha zake zinaonyesha tu kwamba mtu fulani alikuwa mbele ya lenzi siku fulani. Hapo ndipo anapohitaji mwalimu, na kwa maoni yangu walimu wanaofaa zaidi wanapatikana katika miaka thelathini na kidogo ya mwanzo ya upigaji picha kama sanaa, kati ya 1843 na 1875, kabla desturi za studio hazijakauka na kuwa kanuni. Ninawalinganisha hapa watatu, nikihesabu karakana ya David Octavius Hill na Robert Adamson wa Edinburgh kuwa mwalimu mmoja. Wengine ni Nadar wa Paris na Julia Margaret Cameron wa Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Wote watatu ni wakubwa, lakini huwezi kuwafuata wote kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja anadai uhusiano tofauti na mtu unayempiga picha, na anadai muda tofauti kutoka kwake. Kwangu hicho ndicho kigezo cha kuchagua, nacho kina uzito kuliko rangi ya kahawia ya picha zao au ukungu unaozizunguka, vitu ambavyo ndivyo vinavyoigwa kwanza.

Hill na Adamson walikutanishwa na haja ya mchoro. Mei 1843 mamia ya wachungaji walijitoa katika Kanisa la Scotland wakipinga mamlaka ya wenye ardhi kuwachagulia waumini wachungaji wao. Hill, ambaye alikuwa mchoraji na katibu wa Royal Scottish Academy, aliazimia kulichora tukio hilo pamoja na sura za waliohusika, akakabiliwa na tatizo la kuzipata sura hizo kabla wenyewe hawajarudi makwao. Mwanasayansi David Brewster alimwelekeza kwa Adamson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amefungua studio katika Rock House, kwenye kilima cha Calton. Mchoro ulikamilika mwaka 1866 na leo wachache wanauzungumzia. Picha zilizokusudiwa kuwa maandalizi tu ndizo zilizoishi. Katika miaka isiyofika mitano, hadi Adamson alipofariki Januari 1848, wawili hao walitengeneza picha zipatazo 3,000.

Walitumia kalotipu, njia iliyobuniwa na William Henry Fox Talbot, ambaye hataza yake ya mwaka 1841 ilifunga mikono ya wapiga picha wa England lakini haikufika Scotland. Katika njia hiyo negativu, yaani picha ya kwanza ambamo giza na mwanga vimebadilishana nafasi, ni karatasi. Mwanga unapopita kwenye karatasi hiyo kwenda kwenye karatasi nyingine ya kuchapia, nyuzi zake hufuta vitu vidogo na kuacha mafungu makubwa ya giza na weupe. Wakati huo huo Ulaya na Marekani zilikuwa zikistaajabia dagerotipu, picha ya bamba la fedha inayoonyesha kila unywele, na watu wengi waliiona kalotipu kuwa duni. Hill aliona kinyume: aliandika kwamba uso wa karatasi unaokwaruza, uleule unaoifanya kalotipu ishindwe na dagerotipu katika mambo madogo, ndio uhai wake. Ukitazama picha ya Elizabeth Johnstone Hall, mwanamke wa kijiji cha wavuvi cha Newhaven, utaona maana yake. Uso umeinama, macho yanatazama chini kando, na mistari ya sketi yake ni mizito kiasi kwamba jicho linaipokea kabla ya kuuliza kitambaa chenyewe ni cha namna gani.

Nadar alitoka upande mwingine kabisa. Jina lake la kuzaliwa ni Gaspard-Félix Tournachon, aliyezaliwa 1820, na kabla ya kushika kamera alikuwa mchora vibonzo wa magazeti ya Paris. Mchora vibonzo huishi kwa kutambua haraka ni kitu gani kimoja kinamfanya mtu awe yeye, na ujuzi huo aliuhamishia kwenye studio yake ya mtaa wa Saint-Lazare kuanzia miaka ya katikati ya 1850. Waliokuja kwake walikuwa waandishi, wachoraji, wanamuziki na waigizaji aliowafahamu, na wengi walikuwa marafiki zake: mshairi Baudelaire, mwandishi Dumas, mchoraji Delacroix, mshairi Gérard de Nerval. Baudelaire aliushambulia upigaji picha kwa maandishi makali mwaka 1859, akidai kwamba ungeiharibu sanaa, na hata hivyo alikuwa amekwisha kukaa mbele ya lenzi ya Nadar na angekaa tena. Mwaka 1857, katika kesi dhidi ya ndugu yake Adrien kuhusu nani mwenye haki ya kulitumia jina la Nadar, alieleza kwamba nadharia ya picha hufundishika kwa saa moja na matendo yake ya mwanzo kwa siku moja, ila kuhisi mwanga na kumwelewa haraka mtu aliye mbele yako havifundishiki hivyo. Ninakubaliana naye kwa sehemu tu. Mwanga hufundishika, na picha zake mwenyewe ndizo zinazoufundisha.

Cameron alianza akiwa na miaka 48. Alizaliwa Calcutta mwaka 1815, akalea watoto wengi, na Desemba 1863 binti yake na mkwewe wakampa kamera ili apate cha kumshughulisha akiwa peke yake nyumbani Freshwater, katika Kisiwa cha Wight. Aligeuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio na stoo ya makaa kuwa chumba cha giza, na Januari 1864 akapata picha ya msichana Annie Philpot ambayo aliiita mafanikio yake ya kwanza. Miaka kumi na moja iliyofuata, hadi alipohamia Ceylon mwaka 1875, ilitoa baadhi ya nyuso zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupigwa picha: mwanasayansi John Herschel, mwanahistoria Thomas Carlyle, mpwa wake Julia Jackson, na Mary Hillier, mtumishi wa nyumbani aliyeonekana mara nyingi akiwa Bikira Maria.

Tuanze na mwanga, kwa kuwa hapo tofauti zao ni kubwa na zina faida ya moja kwa moja kwa anayejifunza. Hill na Adamson walipiga picha nje, kwa sababu kalotipu ilihitaji jua. Hata picha zinazoonekana kuwa za ndani, zenye kiti, meza na pazia, zilipangwa uani. Ni lazima kukumbuka kwamba jua la Edinburgh halipandi kamwe hadi utosini; hupiga uso kwa mshazari, likichonga paji la uso na pua huku likiacha macho yakionekana. Anayewafuata akiwa Dar es Salaam au Mombasa, akatoka nje saa sita mchana, atapata mashimo meusi mahali pa macho na ataamini kwamba njia yao haifai. Inafaa, mradi afanye kazi asubuhi mapema au jioni, jua linapokuwa chini, au atafute kivuli cha ukuta chenye uwazi upande mmoja.

Nadar aliuleta mwanga huo ndani na kuutawala. Katika picha zake bora hakuna nguzo za maonyesho wala mandhari iliyochorwa. Kuna ukuta mtupu wa kijivu, nguo nyeusi, mwili uliokatwa karibu na mapaja, na mwanga unaotoka juu kidogo upande mmoja. Vitu vinavyobaki ni uso na mikono, na mikono yenyewe mara nyingi imefichwa mfukoni au ndani ya koti ili isishindane na uso. Picha yake ya Sarah Bernhardt, iliyopigwa mnamo 1864 mwigizaji huyo akiwa na miaka ipatayo ishirini, inaonekana kuvunja kanuni hii kwa sababu kuna nguzo na kitambaa kizito alichojitanda huku bega likiwa wazi; lakini tazama jinsi kitambaa kinavyofuta mwili na kuacha uso na bega peke yake ndani ya mwanga. Kwa mtu aliyekulia kwenye studio za pwani yetu, zenye mapazia ya bahari na majumba, ukavu huu wa Nadar unaweza kuonekana umaskini. Si umaskini, ingawa mapazia yetu nayo yana sanaa yake inayostahili kuheshimiwa: pazia humpa mtu mahali pa kuota, ukuta mtupu humwacha na nafsi yake.

Cameron aliziba vioo vya banda lake hadi mwanga ukabaki wa upande mmoja, mara nyingine mdogo sana. Herschel, aliyepigwa picha mwaka 1867, anatokea gizani na nywele nyeupe zilizotawanyika, macho yakiwa mazito kwa maji ya uzee, na hakuna chochote kingine ndani ya picha. Mwanga ulipokuwa mdogo hivyo, lenzi ilibidi iachwe wazi kwa dakika kadhaa, na mtu akatakiwa kukaa dakika hizo zote bila chuma cha kushikilia shingo ambacho studio nyingi zilikitumia.

Hili linatuleta kwenye ukungu wa Cameron, jambo linalonakiliwa kuliko yote na kueleweka kidogo kuliko yote. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1874 alieleza kwamba alipokuwa akizungusha lenzi na kufika kwenye kitu kilichokuwa kizuri machoni pake, alisimama hapo, badala ya kuendelea hadi kwenye ukali ambao wapiga picha wengine waliushikilia. Wakosoaji wa majarida ya picha walimlaumu kwa ukungu huo, na kwa alama za vidole na mikwaruzo aliyoiacha kwenye vioo vyake vya negativu. Simu za leo zina programu ya kufifisha kila kilicho nyuma ya mtu na kuuacha uso wote ukiwa mkali, na wengi hudhani huko ndiko kumfuata Cameron. Kwake ukungu uko ndani ya uso wenyewe. Vioo vyake vilikuwa vikubwa, kuanzia 1866 vikifikia inchi 15 kwa 12, na kichwa kilikaribia ukubwa wake halisi, kwa hiyo fokasi ilishika tabaka jembamba tu: kope zinaweza kuwa kali huku sikio likiyeyuka. Juu ya hilo kuna mtikisiko mdogo wa mtu anayepumua kwa dakika kadhaa. Katika picha ya Carlyle mtikisiko huo umeuchoma uso mzima, na bado ni picha ya mtu mwenye hasira na mawazo kuliko picha nyingi kali zilizopigwa kwa mtu huyo huyo. Anayetaka kujaribu kwa kamera ya leo aiweke juu ya kitu kisichotikisika, afungue tundu la lenzi hadi mwisho, asogee karibu, apunguze mwanga hadi kamera ihitaji sekunde moja au zaidi, kisha amwache mtu apumue.

Kuna jambo la kikemia ambalo msomaji wetu anapaswa kulijua kabla ya kuzisifu au kuzilaumu rangi za nyuso katika picha hizi. Kalotipu na kolodioni, njia ya kioo kibichi iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851 na kutumiwa na Nadar na Cameron, zote huona mwanga wa buluu vizuri na haziuoni mwekundu. Ngozi yenye wekundu au kahawia hutoka nyeusi kuliko ilivyo, madoadoa ya uso hukolea, na macho ya buluu hupauka. Wapo wanaotumia programu za kuiga kolodioni kwenye nyuso za Waafrika na kufurahia weusi uliopatikana kana kwamba ni ukweli wa ngozi. Ni upofu wa dawa, na mpiga picha makini anapaswa kufidia kwa kuongeza mwanga usoni, la sivyo atapoteza maumbo ambayo ndiyo yaliyomfanya ampige picha mtu huyo.

Lakini tofauti inayonigusa zaidi ni ya nani aliye na uwezo wa kukataa. Watu wa Nadar walikuwa sawa naye. Walikuja kwa hiari, walizungumza naye, walimfahamu kwa maneno na kwa vibonzo, na nyuso zao zina utulivu wa mtu anayejua anatazamwa na nani. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Newhaven hawakuwa sawa na Hill kwa mali wala cheo, lakini walipigwa picha wakiwa na vikapu vyao, mashua zao na wenzao, na kijiji chao kilikuwa na fahari iliyojulikana mjini Edinburgh, ambako wanawake walipeleka samaki migongoni. Hadhi yao haikutengenezwa na mpiga picha, aliikuta.

Kwa Cameron hali ina pande mbili. Aliwaamuru hata wakubwa, na mshairi Tennyson, jirani yake, hakusalimika. Watumishi wake, hata hivyo, hawakuwa na njia rahisi ya kusema hapana kwa bibi mwenye nyumba. Na ipo picha moja ambayo mtu wa Afrika Mashariki hawezi kuipita haraka. Julai 1868 aliletwa mbele ya lenzi yake Alemayehu, mtoto wa miaka saba wa Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia. Baba yake alijiua Magdala mwezi Aprili jeshi la Waingereza lilipoivunja ngome, mama yake akafariki njiani muda mfupi baadaye, na mtoto akasafirishwa hadi Uingereza chini ya uangalizi wa Kapteni Tristram Speedy. Cameron alimpiga picha akiwa amevalishwa mavazi ya kwao. Mwanga ni uleule laini, ukaribu ni uleule, ukungu ni uleule unaomfanya Julia Jackson aonekane kama anakaribia kusema. Usoni mwa mtoto huyu vitu hivyo vinaonyesha huzuni ambayo hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuionyesha. Alemayehu alifariki Leeds mwaka 1879 akiwa na miaka 18 na akazikwa Windsor. Ninaitaja picha hii kwa kuwa ukaribu wa Cameron ni nguvu, na anayetaka kuutumia lazima aijue nguvu hiyo inavyokuwa pale aliye mbele ya lenzi hana wa kumsemea.

Wapo watakaotaka pia kufuata vifaa vya zamani. Kwao chaguo ni jepesi zaidi. Kolodioni inahitaji etha na pombe kali, vyote vinawaka kwa urahisi, kioo kinatakiwa kupigwa na kusafishwa kabla hakijakauka, jambo linalozidi kuwa gumu kwenye joto, na mabingwa wa zamani walitumia sianidi kukifanya kidumu. Siwezi kumshauri mtu ayaanze hayo peke yake nyumbani. Karatasi ya chumvi, ambayo Hill na Adamson waliitumia kuchapia, ni jambo jingine: karatasi nzuri inaloweshwa katika maji ya chumvi na kukaushwa, inapakwa nitreti ya fedha kwenye mwanga hafifu, inafunikwa na negativu, ambayo leo inaweza kuchapwa kwenye plastiki angavu kutoka picha ya kompyuta, kisha inaanikwa juani hadi picha itokee yenyewe, na mwisho inaoshwa kwa dawa ya kuidumisha na kusuuzwa kwa maji mengi. Jua tunalo. Nitreti ya fedha huchoma macho na kuacha madoa meusi mikononi, kwa hiyo glavu na miwani si hiari.

Sasa kuhusu nani wa kuanza naye. Anayepiga picha za watu asiowafahamu, wanaompa dakika kumi au ishirini, kama wateja wa studio, wasanii kabla ya onyesho au wazee waliokubali mazungumzo mafupi, aanze na Nadar, na hasa Nadar wa kabla ya 1860. Mwaka huo alihamia jengo kubwa la boulevard des Capucines lenye jina lake lililowashwa kwa gesi, na kazi nyingi ya baadaye ilitengenezwa na wasaidizi kwa haraka ya biashara. Achukue ukuta mmoja mtupu, dirisha moja na nguo isiyo na nakshi, na aweke juhudi zote katika mazungumzo. Kwa wanafunzi wengi hili ndilo pendekezo langu, kwa sababu umaskini wa vifaa vya Nadar unaziba mianya yote ya kujificha: picha ikishindwa, inajulikana wazi kwamba ni mwanga au ni mazungumzo.

Anayefanya kazi na jamii moja mahali pao, wavuvi wa Bagamoyo, mafundi wa majahazi wa Lamu, kwaya ya kanisa au timu ya mtaa, atapata zaidi kwa Hill na Adamson. Atajifunza kupanga watu watatu au wanne wasionekane wamepangwa, kuwaegemeza kwenye mashua au ukutani ili miili itulie, na kuacha mambo madogo yapotee ndani ya kivuli. Picha zao zinatazamika bure kwenye tovuti ya National Galleries of Scotland, na ni vizuri kuanza na zile za Newhaven kabla ya wachungaji, ambao wengi wao wanachosha.

Cameron ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye ninayemweka wa tatu. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London, ambayo ilinunua picha zake tangu mwaka 1865 ikiitwa South Kensington Museum, inaonyesha mamia yake mtandaoni, na mtu akitazama Mary Hillier mmoja baada ya mwingine ataelewa sababu ya mpangilio wangu. Uso ule ulirudi mbele ya lenzi tena na tena kwa miaka, katika nyumba ileile, mpiga picha akijua tayari jinsi shingo inavyogeuka na mahali mwanga unapokaa shavuni. Ukaribu wa namna hiyo haupatikani kwa mgeni wa dakika kumi, na ukilazimishwa huwa ujeuri. Unahitaji dada, rafiki au mzazi ambaye atakubali kukaa mara nyingi, ambaye anaweza kukuambia leo sitaki na ukamwacha, na ambaye ataziona picha zake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama mtu huyo bado hayupo, zamu ya Cameron haijafika, na kazi ya kutosha iko kwa Nadar.